Malori Yote Yanaishia Njia Panda

Kwa maelezo ya fundi cherehani, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, watu wa ramani walishuka kwenye gari jeupe, wakapima kibaraza cha shangazi kwa utepe, wakapaka alama nyekundu mlangoni, kisha wakaomba maji ya kunywa. Fundi hakosi chumvi ya kuongeza. Alidai hata mbuzi walisimama kutazama. Lakini alama ilikuwepo. Na alichodai kukisikia kilimpokea binti anayeishi na shangazi yake humo kabla hajavua viatu: hapa utajengwa uwanja wa kuegesha malori, kwa kuwa malori yote ya ukanda huu yanaishia hapa Njia Panda.

"Na aliyewaambia," fundi akamalizia, uzi mdomoni, "ni wewe, Dada Maswali."

Jina hilo alipewa na madereva. Kiangazi kizima alisimama mizani, pale malori yanapopimwa uzito, akimuuliza kila dereva anatoka wapi, kabeba nini, anakwenda wapi. Waliomwajiri walisema majibu hayo ndiyo yatakayoonyesha pa kujenga. Jua lilimbabua shingo, vumbi likamkaba, na bado aliuliza kwa adabu. Wao wakamjibu kwa adabu vilevile: Njia Panda. Naye akaandika Njia Panda mpaka vidole vikafa ganzi.

Shangazi alikuwa jikoni, anachambua maharage. Hakumgombeza, afadhali angemgombeza. Alisema tu kwamba marehemu mumewe aliendesha lori maisha yake yote na hakuwahi kutaja mwisho wa safari akiwa njiani. Dereva hutaja pa kulala, basi. Kutaja mwisho ni kujitakia pancha, au kubwa kuliko pancha.

"Umeuliza dunia nzima, mwanangu," alisema, "ukaniruka mimi."

Kesho yake binti akaenda ofisini kwa ofisa wa mipango ya barabara. Hakuwa mtu mbaya. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukodolea kompyuta, na chai yake ilishapoa. Akamwonyesha ramani: mistari minene ikimiminika Njia Panda, na mbele yake peupe, kama vile dunia inakomea hapo. Akasema hata yeye alijiuliza saruji yote inayobebwa na malori hayo inajenga nini mahali pasipo na ghorofa hata moja. Lakini kikao cha mkoa ni Ijumaa, na hawezi kusimama na wasiwasi mtupu.

"Niletee hata dereva mmoja atakayetaja anakoshushia," alisema. "Nikipata pa kushika, nitaomba muda tuulize upya."

Akarudi mizani. Madereva wakamtania kwamba Dada Maswali kaishiwa na majibu, kaja kukopa mengine. Mmoja akamwambia ayaulize matairi. Mwingine, mpole, akasema kwamba Mungu akipenda atafika mbele, na mbele ni mbele. Hadi alasiri miguu ilikuwa inawaka moto na hakuna aliyetaja kitu.

Ndipo lilipoingia lori la saruji la mzee mmoja ambaye ujanani alikuwa utingo wa marehemu mume wa shangazi. Binti akamweleza yote. Mzee alisikiliza, mkono juu ya dirisha, akitikisa kichwa. Akauliza kama shangazi ana pengine pa kwenda. Hana. Basi siku ya kuhama wasihangaike na gari, yeye atabeba vyombo vyote bure.

"Sitaki kubebewa vyombo, baba," binti alisema. "Nataka unitajie tu. Saruji hii unaishusha wapi?"

Malori ya nyuma yakapiga honi. Mzee akaitazama barabara iliyokuwa mbele yake, kisha matairi kwenye kioo cha pembeni. Akapandisha dirisha hadi nusu, akaliacha hapohapo. Binti alikuwa bado ameshika mlango wa lori, chuma kikimchoma kiganja.