Aliyefaulu Mtihani wa Macho

Daktari bingwa wa macho hufika hospitali ya wilaya mara moja kwa mwaka. Siku mbili, watu thelathini, kisha huyoo anarudi jijini, ambako wenzake wanapasua kila siku, hata Jumamosi.

Mama Pindo, fundi cherehani, alikuwa wa ishirini na nane kwenye foleni. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili, sindano anaitunga kwa kupapasa. Akikosa leo, ni mwaka mzima tena wa kushona kwa kupapasa.

"Soma, mama," muuguzi akamwambia, akigonga chati ya herufi ukutani.

Mama Pindo hajawahi kufeli mtihani tangu darasa la kwanza. Watu ishirini na saba walishazisoma herufi zile mbele yake, na masikio yake yalikuwa mazima. Akazimwaga zote bila kukwama, hadi mstari wa chini.

"Hongera! Macho mazuri. Nenda nyumbani," muuguzi akasema, akakata jina.

Mumewe akajishika kichwa. "Mke wangu, huu mtihani anayefaulu ndiye anayefeli!"

"Si ungesema mapema? Nilidhani wanachukua wenye akili!"

"Dada, haoni huyu!" mume akamgeukia muuguzi. "Asubuhi kaligombeza koti langu ukutani, akidhani ni mimi."

"Na lilinisikiliza kuliko wewe."

"Kila mtu hapa ana hadithi yake," muuguzi akasema. "Anayefuata!"

Daktari, aliyekuwa mlangoni akimalizia chai, akaiondoa chati taratibu, akaitundika imegeuzwa, upande mweupe mbele.

"Mama, hebu nisomee na mimi."

Akarudia, kwa sauti ya mwanafunzi bora. Korido nzima ikaangua kicheko.

"Umesoma karatasi tupu, mama. Muuguzi, mrudishe kwenye orodha huyu."

Mama Pindo alicheka mpaka machozi. Waliokuwa nyuma ya namba thelathini hawakucheka sana. Wao waliambiwa mwakani.

Kesho yake bandeji ikatolewa kwenye jicho la kwanza. Akamkagua mumewe kuanzia mvi hadi viatu, akasita katikati.

"Nani fundi aliyekushonea suruali hii, mguu mmoja unafagia sakafu?"

"Wewe. Mwezi uliopita."

Akaushika mguu ule wa suruali.

"Vua."

"Hapa wodini?"

"Vua, mume wangu. Na uniombee sindano kwa muuguzi."