Rangi Isiyo Kwenye Kadi

Miaka kumi na minane niko wadi ya upasuaji, na sijawahi kuchoshwa na mtu kama nilivyochoshwa na Fundi Rangi wa kitanda cha pili. Kazi yake ilikuwa kuchanganya rangi za nyumba dukani. Daktari alimkata kipande cha kongosho, akamwachia mrija ubavuni unaodondosha maji kwenye chupa. Mgonjwa mwingine angegeuza uso. Yeye alitaka chupa ihamishiwe upande wa dirisha ipate mwanga.

"Sista, hii si njano," aliniambia siku ya kwanza. "Hii ni krimu iliyotiwa majivu."

"Mzee, kwenye fomu kuna njano, pinki na nyekundu. Chagua."

"Aliyeandika hiyo fomu aliwahi kuona rangi?"

Nikajaza njano, nikaenda zangu.

Sasa mjue tunachojihadhari nacho pale. Maji ya kongosho yakivuja tumboni hula mishipa ya damu. Mshipa ukishaliwa, mara nyingi damu huja kidogo kwanza, kijiko tu, ikanyamaza. Baada ya saa chache ndiyo inakuja ile ya kumwagika. Ile ndogo sisi tunaiita hodi. Ukiisikia, unamwita daktari azibe. Usipoisikia, unaita ndugu.

Kwa ajili ya hodi tulipewa kadi ya rangi, tuilinganishe na chupa. Ofisi ya Afisa Ubora iliichapisha siku ambayo mashine ilitapika wino, na mraba wa nyekundu ukatoka rangi ya maini yaliyolala. Hakuna damu ya mtu aliye hai inayofanana na kile kitu. Ndiyo maana kwa miaka miwili hatukuandika hata nyekundu moja, tukapewa cheti cha Wadi Isiyovuja, kikatundikwa ukutani. Waliokufa walikufa wakiwa pinki. Nilikipita kile cheti kila siku nikanyamaza, na hilo linaniuma hadi leo.

Siku ya tatu Fundi alitazama miguu yangu. "Kiatu cha kushoto umekifua na buluu," akasema. Nikamwambia ashughulike na tumbo lake. Lakini ni kweli, viatu vyangu vya kazi ni vyeupe, na buluu ya kufulia ilinimwagikia kwenye beseni kikiwa humo kimoja tu. Nilivivaa siku mbili nzima na mwenyewe sikuona tofauti.

Siku ya saba, saa nne asubuhi, Afisa Ubora akaja kukifanya upya cheti, na tai yake na kalamu tatu mfukoni. Fundi akaniita taratibu, si kwa ule usumbufu wake wa kila siku.

"Sista, limeingia tone."

Nikaangalia. Pinki. Jana pinki, juzi pinki. Presha yake ilikuwa nzuri, mapigo yamepanda kidogo tu.

"Jana ilikuwa maji ya kusuuzia brashi," akasema. "Leo kuna mtu kafungua kopo jipya."

Afisa akaweka kadi kwenye chupa, akarudi nyuma hatua mbili kama anapima pazia. "Kwa mujibu wa kadi, hii ni pinki. Kumwita daktari kwa pinki ni kosa, na cheti kinakwenda." Halafu, na haki ya Mungu sitanii, akampa Fundi kalamu atie sahihi kwamba yeye ni pinki.

"Siwezi kutia sahihi rangi ya uongo," Fundi akasema. "Nina jina dukani."

Mke wake alikuwa amekaa kwenye kiti, mkoba magotini. Akasimama. "Mwanangu," akaniambia, "huyu ni msumbufu, najua kuliko wewe. Lakini kwenye rangi hajawahi kunidanganya."

Nikatazama kiatu changu cha kushoto. Nikachukua simu.

"Sista, kadi inasema..." Afisa akaanza.

"Kadi haina mshipa," nikamwambia. "Nipishe."

Daktari alikuja mbio, akatazama chupa, hakuuliza kadi. Tukamsukuma Fundi mpaka chumba cha picha. Walipokuwa wanamlaza mezani, chupa ikajaa yote kwa mpigo mmoja. Lakini damu ya kumwongezea ilikuwa tayari, na daktari wa picha alishavaa glovu. Akapitisha waya mwembamba kupitia pajani mpaka kwenye mshipa uliotoboka, akauziba. Mke wake alinishika mkono koridoni muda wote, na mimi niliogopa kuliko yeye.

Afisa alijaza ripoti. Kwenye sehemu ya rangi aliandika: "Nje ya kadi." Cheti akakibeba kwapani, akaondoka nacho.

Wiki iliyofuata Fundi alimtuma mkewe vikopo dukani. Akakaa kitandani na ubao mdogo na brashi, akatutengenezea kadi mpya. Mraba wa kwanza krimu yake ya majivu, wa pili maji ya kusuuzia brashi. Wa tatu akauchanganya asubuhi nzima, akitia tone, akitikisa kichwa, akianza upya, kisha chini yake akaandika HODI.

Mraba wa nne aliuacha mtupu.

"Mzee, hapa umesahau," nikasema.

"Hiyo sichanganyi," akajibu, akifuta brashi. "Mkiiona hiyo, mgeni keshaingia."