Boti ya Mtu wa Migori

Lynnet alifika kwenye bichi ya wavuvi, karibu na Magunga, Ijumaa asubuhi akiwa na fomu ishirini na sita, kalamu tatu na furaha ya kijinga. Ndiyo, ya kijinga. Subiri uone.

Kwa miaka mitatu alikuwa akisomea uzamifu katika chuo kimoja kule Migori, na msimamizi wake alikuwa ameikalia rasimu mwaka mzima kama kuku aliyekalia mayai mabovu. Alipochoka kupiga simu zisizoshikwa, akaomba kuhamia chuo kingine, huko Norwe. Wakamkubali! Tena wakasema hataanza upya. Angeingia mwaka wa tatu moja kwa moja, maana utafiti wake ulikuwa umekamilika. Kilichobaki ni kila mwanamke aliyehojiwa atie sahihi kwamba ameridhia maneno yake yaende Ulaya, na fomu zitumwe kabla ya saa kumi na moja jioni hiyo.

Utafiti wenyewe uliuliza kwa nini wanawake wa ziwani hawamiliki boti. Wote ishirini na sita walikuwa wamemwambia kwenye rekoda kwamba hawana. Boti ni za wanaume, walisema, wao hununua dagaa wa omena na kuanika, basi. Mshiriki wa nne alikuwa mama yake mzazi, Priscilla.

Zilpah, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake hao, aliigeuza fomu huku na huku.

"Kwa hiyo kitabu hakitakaa tena Migori?"

"Hapana, Mama. Kitakaa Norwe."

"Na huko kuna mtu anamjua shemeji yangu?"

Lynnet akacheka. "Nani amjue?"

Wanawake wakatazamana. Zilpah akatia sahihi, akarudisha kalamu. "Basi washa hiyo mashine yako, nyathina, mwanangu, tukuambie ukweli. Mimi nina boti mbili."

Lynnet alidhani ni mzaha. Lakini wa pili akasema anayo moja, na injini yake. Wa tatu anayo, ila imeandikwa jina la kaka yake aliye Kosele. Kufikia saa tano, wote walikuwa wametia sahihi na kumi na tisa walikuwa wamejitaja, wengine wakicheka kama watoto waliotoroka shule. Lynnet akaketi juu ya nyavu za kuanikia, juu ya omena wa watu, na hakuna aliyemfukuza.

"Kwa nini mlinidanganya? Niliwaahidi kuficha majina!"

"Majina utaficha," akasema Zilpah. "Boti utaificha wapi? Bichi ni hii moja."

Ndipo Lynnet akamgeukia mama yake, aliyekuwa pembeni akianika omena.

"Mama. Hata wewe?"

Priscilla akaonyesha kwa kidevu boti ya kijani iliyofungwa majini. Yawa! Ile Lynnet aliijua tangu utotoni. Ilikuwa boti ya mjomba Dishon, anayeishi Migori, aliyemlipia karo. Picha ya boti hiyo ndiyo aliyoiweka kwenye jalada la tasnifu, na ukurasa wa shukrani ulianza na jina la Dishon.

"Ni yangu," mama akanong'ona. "Dishon aliniazima jina tu, na karo yako alilipa kwa pesa za boti hii. Baba yako alipofariki, Willis, mdogo wake, aliichukua ile ya kwanza kabla matanga hayajaisha. Na mtoto wa Willis anasoma chuo hicho hicho chako; angesoma kitabu, akamwambia baba yake. Ningekuambia nini?"

Lynnet alikuwa amemshukuru mtu siye, kwa maandishi, na mwenye jasho akimpikia ugali kila likizo bila neno.

"Tuma tu yale mahojiano ya zamani," akasema Zilpah kwa huruma. "Sahihi unazo. Sisi hatutasema."

Na kweli, angeweza. Nani angejua? Alizunguka na simu mkononi hadi saa nane, akaandika, akafuta, akaandika tena. Mwishowe akamwambia profesa wa Norwe kila kitu. Jibu lilikuja saa tisa, fupi na la adabu. Nafasi ya mwaka wa tatu haipo tena. Akitaka, aje aanze mwaka wa kwanza, mradi awe na utafiti mpya.

Miaka mitatu, pwaa, chini. Alimsomea mama yake jibu hilo kwa sauti iliyokauka.

Priscilla alinawa mikono, akaipangusa kwa leso, akavuta ndoo na kuketi mbele ya binti yake. Hatua kumi kutoka hapo, Willis, shemeji yake, aliyekuwa amefika mchana, alikuwa akishona wavu.

"Washa."

"Mama, baba mdogo yuko pale."

"Nimemwona. Washa."

Lynnet akabonyeza. "Mshiriki wa nne. Una boti?"

"Ninayo," akasema mama, kwa sauti ya kuita mteja ng'ambo ya soko. "Ile ya kijani. Si ya Dishon. Ni yangu mimi, Priscilla."

Sindano ya Willis ikasimama. Willis akainua kichwa, akaitazama boti, kisha akamtazama shemeji yake, akaanza kusimama taratibu.

Lynnet alitaka kuizima rekoda. Mama akamshika mkono.

"Uliza la pili," akasema.