Madoa Yasiyochuja

Fundi cherehani, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, alikuwa na macho ya kutisha. Akikutupia jicho mara moja anajua bega lako lipi limeshuka, na hakufichi. Sasa macho hayo yalikuwa yamenasa kwa paka. Si paka hivi hivi wa kudokoa jikoni, bali paka wa madoa, wa mbegu safi, ambaye mfugaji wake anakutajia mababu zake kabla hujaketi.

Shida ilikuwa mfugaji mwenyewe. Alikuwa nesi mstaafu, na alihoji wateja kama mama anayemwoza binti wa pekee. Mmoja alirudishwa kwa sababu alicheka vibaya.

Mama Pindo alisindikizwa na wifi yake, dada wa mumewe, ambaye njia nzima alilalamika kwamba kaka yake hakuchaguliwa kwa umakini namna hiyo.

Walikaribishwa kwenye kochi. Nesi alipokuwa akieleza habari za chanjo, vidole vya Mama Pindo, visivyojua kukaa bure, vilichokoachokoa mto wa kochi na ukingo wa zulia. Kisha akaletwa mtoto wa paka, na fundi akasahau kupumua. Madoa meusi yalimkaa ubavuni kama yamepigwa mhuri mmoja mmoja, mkiani pete, machoni kijani cha zabibu. Akitembea, madoa yote yanateleza naye, na hakuna mahali unapoona mshono. Mama Pindo alikuwa ameoanisha maua ya vitambaa maisha yake yote, na hapo alijiona mwanafunzi.

Ndipo mazoea yakamponza. Alilowesha kidole gumba kwa mate, akamsugua paka ubavuni, akageuza kidole kutazama kama rangi inachuja.

Nesi akakitumbulia macho kile kidole.

"Wifi," dada wa mume akanong'ona, "mgeuze basi uone na upande wa ndani."

Paka hakukasirika. Alikishika kile kidole kwa miguu miwili, akakilamba. Lakini nesi alikuwa ameshakunja uso. Aliuliza kazi ya mgeni, akajibiwa, akatikisa kichwa. Alisema aliwahi kuona paka aliyemeza uzi, utumbo ukakunjamana, asipone. Nyumba ya fundi hampeleki mtoto wake.

Mama Pindo hakubisha, maana maneno yalikuwa ya kweli. Alikichomoa kidole kwa paka taratibu, akainuka.

"Ngoja," nesi akasema. "Tangu umekaa unatia vitu mfukoni. Ni nini?"

Fundi aliona haya. Akatoa nyuzi tatu za kochi, kifungo, na pini iliyoota kutu.

"Samahani, dada. Nikiviona siwezi kuviacha. Hata nyumbani kwangu hutaviona chini."

Nesi aliichukua pini, akaigeuza kwenye mwanga. Akatazama zulia lake, akamtazama paka, akatazama tena zulia. Alikaa chini polepole kama mtu aliyepimwa yeye presha.

"Kaa tuongee chakula chake," akasema. "Nyama anapenda iliyochemshwa. Na maji atayachezea, usimgombeze."

Wifi akacheka. "Mwache ayachezee. Si tumeshahakikisha hachuji?"