Sharti la Kurithi

Muuguzi wa tawi jipya alipiga simu asubuhi. Alikuwa na mfuko wa damu ambao kompyuta ilisema uko tayari, ilhali haukuwa na majibu ya vipimo. Alikuwa ameuweka kando, akaona heri aulize. Msimamizi wa kanzidata ya benki ya damu, ambaye ofisi nzima ilimwita Dada, alimshukuru.

Jambo hilo halikuwezekana. Kila tawi lilikuwa na jedwali lake katika skima yake, yaani chumba chake ndani ya kanzidata ileile, lakini majedwali yote yalirithi sharti la jedwali mama: pasipo majibu, mfuko hauwi tayari. Mtoto hawezi kulifuta sharti alilorithi, labda atengwe na mama yake.

Dada alitazama. Jedwali la tawi jipya lilikuwa limetengwa, na kwa mujibu wa kumbukumbu za mfumo, aliyelitenga ni yeye mwenyewe.

Nywila yake ilijulikana na mtu mmoja tu: mdogo wake, Kitinda, ambaye Dada alimwombea kazi hapo, akamfundisha, akamketisha ubavuni pake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kitinda hakubisha. Alieleza kwamba mifuko iliyoingizwa kutoka mfumo wa zamani ilikuwa ikikataliwa, na mkuu wa tawi alikuwa hampi nafasi ya kupumua. Alikusudia kulirudisha jedwali, akapitiwa.

"Na jina langu je?"

"Wewe wasingekufukuza, dada."

Aliyasema kwa upole, kama mtu aliyeazima mwavuli. Dada akageukia kompyuta.

Alipojaribu kulirudisha jedwali kwa mama, kanzidata iligoma, maana mifuko kadhaa ilivunja sharti. Akaiandika kuwa haiko tayari, mmoja mmoja, muuguzi naye akiitoa jokofuni, mpaka jedwali likakubali. Bahati nzuri, hakuna mgonjwa aliyekuwa ametiwa damu hiyo.

Kisha akamtaka mdogo wake waende wote kwa mkurugenzi. Kitinda alikiri yote, akahamishiwa mapokezi, penye mlango wa mbele.

Jioni mama yao alipiga simu kuuliza watoto wa tumbo moja wanashtakianaje. Dada alimweleza kisa chote tangu mwanzo. Mama akasikia neno "mapokezi" tu.

Tangu hapo Dada huingilia mlango wa nyuma, ule wa wafanya usafi, ingawa ni lazima azunguke jengo zima.