Pipa Lililosahau Kuchacha

Binti yangu alijifungua Jumapili, na aliniomba kitu kimoja tu: uji wa muhogo uliochacha, kama ule wa mama yake. Mke wangu ana mwaka na nusu kaburini. Mimi nimebaki na pipa lake la mbao la kulowekea, nalo lilikuwa halijaniangusha hata siku moja.

Lakini wiki hiyohiyo alikuwa amepita bwana afya. Wakubwa wetu barabara mbovu hawazioni, maji ya bomba yanakuja yakipenda, ila pipa la mgane wameliona. Alichungulia, akakuta utando mweupe pembeni, akaniandikia karatasi: sugua kwa dawa ya klorini, kipimo cha kifuniko kimoja. Mimi ni mtu wa kutii huku nanung'unika. Nikamimina nusu chupa, wasije wakasema sijui usafi. Pipa likang'aa kama kipara cha huyo bwana afya.

Jumatatu nikamenya muhogo, nikaloweka. Jumanne kimya. Jumatano hakuna povu. Alhamisi nikabonyeza kipande, kigumu kama gogo, kinanuka dawa. Na ule ni muhogo mchungu, wenye sumu. Usipochacha haulishwi mtu, sembuse mzazi.

Binti yangu hupima damu za watu zahanati, vitu visivyoonekana ndio jamaa zake. Nilipomweleza alicheka mpaka mtoto akaamka.

"Baba, umewaua wadudu wa mama."

"Wadudu gani?"

"Walikuwa wanaishi kwenye ule utando. Ukiloweka, wanaanza wa kila aina, wanagombania. Halafu wale wa uchachu wanawatimua wote, muhogo unalainika. Siku tatu tu."

"Siku tatu, na wa kwanza wanaondoka?"

"Wanaondoka."

"Basi wanaishinda serikali."

Nilitania, lakini roho iliniuma. Niliona nimemzika mke wangu mara ya pili, safari hii kwa brashi.

"Nenda kwa mama mdogo," akasema. "Alipoanza kuloweka, alichukua konzi ya mama."

Ndivyo tunavyofanya: anayeanza pipa huomba konzi ya muhogo uliochacha kwa mwenzake. Ila kwa shemeji yangu huyo sijakanyaga tangu msiba. Yeye huniambia ukweli, nami siupendi.

"Shemeji, leo umepotea njia?"

"Nimekuja kuomba konzi."

"Dada si alikuachia pipa zima?"

"Nimelisafisha. Kwa dawa. Nusu chupa."

Akakaa kizingitini, ameshika mbavu. "Miaka thelathini dada anakubembeleza uoshe japo kikombe. Siku umeamua kuosha, umeosha kisichooshwa."

Nikajikuta nacheka naye. Alinipa konzi tatu, akaja mwenyewe kusuuza pipa kwa maji ya moto, mara nne, huku ananisema. Ule muhogo wa dawa tukautupa, tukaloweka mwingine.

Jumamosi povu likapanda. Jumapili nyumba nzima ikanuka uchachu, jirani akafunga dirisha, nikafurahi. Jumatatu kipande kikapondeka chenyewe vidoleni. Tukachuja, shemeji akakoroga, mimi nikachochea moto.

Binti yangu alimaliza kikombe cha kwanza. Akanyoosha mkono aongezewe.

"Ndio huu," akasema.

Shemeji akageukia ukutani, akajifanya anatafuta kitambaa. Mimi sikujifanya chochote. Nilikuwa nalia na kunywa kwa pamoja, na uji ulikuwa mkali kwelikweli.