Mkate wa Fundi Kondo

Nianze kwa kusema kwamba sikula. Najua Kilosa nzima mna habari yenu, na wengine mmeshaitia chumvi mpaka imekuwa kubwa kuliko mimi mwenyewe, lakini Kondo ni mimi, niliyekuwepo ni mimi, na nasema mchana ule wa Ramadhani sikutia kitu mdomoni. Anayebisha aje karakana tubishane vizuri. Asiende kubishana na bodaboda kule stendi.

Kazi yangu ni kusubu. Nayeyusha alumini chakavu na kuimimina kwenye kalibu iwe kitu kipya. Alumini yenyewe naifuata Mikumi, kwa wauza skrepa wa barabara kuu, maana malori yanayoanguka upande ule yanaacha pistoni na gia boksi za kumtosha kila mtu. Nasubu sufuria, puli, na vipuri ambavyo ukivitafuta dukani unaambiwa viagizwe Dar. Basi pampu ya kisima cha msikiti wetu ikapasuka bakuli lake, lile lenye umbo la konokono ambalo maji huzunguka ndani yake. Mwezi mtukufu umeanza, watu wanatawadha kwa ndoo za kubeba kichwani. Mzee Mwinshehe, mwenyekiti wa kamati ya msikiti, akaja mwenyewe akaniambia Kondo, kazi hii ni yako.

Sasa huyu Mzee Mwinshehe ndiye baba yake Mwanahawa, na hapo ndipo penyewe. Nilikuwa nimeshapeleka posa. Washenga wangu walikaribishwa kahawa, wakaambiwa jibu watapewa baada ya Idi. Mimi Mwanahawa nampenda, nalisema wazi wala sioni haya, na usingizi wangu wa mwezi ule wote ulikuwa unategemea jibu la yule mzee. Kwa hiyo nikawa natembea kwa adabu, shikamoo kila kona, sijibizani na mtu. Nyinyi mnaonifahamu mnajua jambo hilo lilivyonitesa.

Kitu chenye uwazi ndani huwezi kukisubu hivi hivi tu. Kwanza unaufinyanga ule uwazi kwa mchanga, ndicho tunachokiita kiini. Unakilaza katikati ya kalibu, unamimina alumini ikizunguke, na ikishaganda unaubomoa mchanga na kuutoa. Shida ya mchanga ni kwamba haushikamani, lazima uutie mafuta. Siyo mafuta yoyote, maana ukitia mawese utasubiri hadi kiama na kiini hakikauki. Mimi natumia alizeti. Nayachemsha taratibu mpaka yawe mazito na kunata vidoleni, naongeza molasesi kidogo ninayoipata kwa watu wa miwa wa Ruhembe, na unga wa ngano kiasi ili kiini kisibomoke kikiwa kibichi. Nachanganya na mchanga wa mto Mkondoa niliouchekecha, nashindilia kwenye boksi la mbao, kisha naoka. Ndiyo, naoka, kwa moto uleule wa mkate, mpaka kiini kiwe cha kahawia na ukikigonga kilie.

Mafuta, molasesi, unga. Ukiondoa mchanga, hiyo ni keki. Wallahi jambo hilo sikuwahi kuliwaza mpaka siku ile.

Na tanuri la kuokea sina, naazima la Bibiana. Bibiana ni mama wa Kikatoliki kutoka Lumuma, anaoka mikate usiku ili alfajiri iwe madukani, na mchana tanuri lake limelala. Kwa hiyo zamu yangu ni mchana, nipende nisipende. Siku hiyo nilikuwa na mafuta yaliyochemshwa ya kutosha kiini kimoja tu. Nikakioka asubuhi nzima, kikatoka kizuri, kimeng'aa. Karakana nilikuwa nimeshawasha jiko, alumini imeanza kulainika. Nikakiweka kiini kwenye trei ya Bibiana, nikakifunika kitambaa kwa sababu ya manyunyu, nikashika njia ya mkato inayopita mbele ya msikiti. Watu ndio kwanza wanatoka kuswali adhuhuri.

Harufu ilinitangulia. Alizeti na sukari ya kuungua, mbele ya wanaume ambao tangu daku hawajameza hata mate yao vizuri. Wote waligeuka. Mzee Mwinshehe alikuwa anavaa kandambili, akaacha mguu mmoja hewani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuniangalia usoni, anaangalia trei. Akaniamuru nifunue. Nikafunua. Kiini kile kilikuwa kimejikunja kama mkate wa harusi, juu kahawia, pembeni kahawia zaidi. Nyuma yangu mtu akasema kobe, na nyinyi mnajua kuitwa kobe Ramadhani maana yake nini. Ni yule anayejificha kula mchana wenzake wamefunga.

Nikaeleza. Nikasema mzee, hiki ni kiini cha pampu yenu wenyewe, ni mchanga. Akauliza mchanga gani unanukia hivi. Nikamtajia nilichotia ndani, na hapo ndipo nilipojimaliza, maana kila nilichotaja ni chakula. Trei ikachukuliwa ikapelekwa barazani kwake, nyumba inayotazamana na msikiti, ikawekwa katikati ya mkeka, na sisi tukaketi kuizunguka kama watu waliofiwa.

Nikawaambia wakipapase. Mzee akapapasa, punje zikabaki kidoleni, akasema ni chenga za mahindi. Nikawaambia wakinyanyue waone uzito. Akasema mikate ya Bibiana siku zote ni mizito. Ustadhi Kibwana, anayetuswalisha, mtu wa utaratibu, akakumbusha kwamba mpishi anaruhusiwa kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema, na saumu yake haiharibiki. Mzee Mwinshehe akajibu kwamba yeye si mpishi. Ustadhi mwenyewe akaombwa aonje, akasema kwa harufu ile hajiamini, anaweza kupitiliza. Nikasema basi nionje mimi. Mzee akasema mtuhumiwa haachiwi kula ushahidi.

Akaitwa Bibiana, ambaye hafungi Ramadhani. Alikuja na hasira zake, akasema ungekuwa mkate wake ungekuwa umeumuka. Maneno yake hayakupokelewa kwa kuwa tanuri ni lake. Akaitwa Brayan wa bodaboda, Mwanglikana, asiye na upande. Brayan alikitazama kiini kwa huruma kabisa, akaomba radhi. Mwaka ule Kwaresma na Ramadhani zilianza pamoja, na yeye Kwaresma hiyo alikuwa ameacha vitu vyote vyenye sukari. Watoto wa mtaa nao walikuwa wanashindana kufunga, hakuna aliyekubali kushindwa kwa ajili yangu. Mji mzima, jamani, haukuwa na mdomo mmoja wa kuonja mchanga.

Mmoja akasema rahisi tu, kivunjwe tuone ndani. Hapo nikaruka. Kikivunjika pampu hakuna, na mafuta mengine sina, na alumini inaningoja jikoni. Nikakikumbatia kile kiini, sifichi, nilikikumbatia kifuani na trei yake. Na watu wakatazamana, maana ni mkate gani mtu mzima anaukumbatia namna ile kama si mkate anaoutamani?

Mzee Mwinshehe akanyoosha mkono mpaka nikaiachia trei.

"Mimi nimekula mikate tangu baba yako hajaoa," aliniambia. "Huu ni mkate. Magharibi ikiadhiniwa nitaufuturu mwenyewe mbele ya watu wote. Ukiwa mkate, washenga wako wasirudi kwangu."

Basi tukakaa. Alasiri ikaingia, wakaenda kuswali kwa zamu ili mkate usibaki peke yake na mimi. Mvua ikaja ikapita. Kiini kikafukuziwa nzi kwa pindo la kanzu ya mwenyekiti. Mimi nilikuwa nahesabu moyoni jinsi alumini yangu inavyopoa na kuganda kwenye chungu, mkaa wangu wote umekwenda bure, na chini ya hasira hiyo kulikuwa na kitu kibaya zaidi, nacho ni hofu. Niliogopa. Yule mzee hakuwahi kukosea mbele ya watu tangu nimjue, na mtu wa namna hiyo anaweza kutafuna jiwe akakuambia ni andazi. Akisema mkate, nitafanya nini? Nimwite mkwe wangu mwongo barazani kwake, saa ya futari?

Jua likashuka. Wanawake wa nyumbani wakaleta uji wa pilipili manga, mihogo, tambi, kunde. Mwanahawa alikuja mwisho na bakuli la baba yake. Aliitazama trei, akanitazama mimi, na nikajua ameshaambiwa yote. Uso wake haukusema lolote la kunisaidia.

Adhana ikaanza. Wengine wakashika tende. Mzee Mwinshehe aliziruka tende, akasoma dua yake, akakichukua kiini akakivunja gotini. Kililia kwa sauti nzuri, kilikuwa kimeiva sawasawa, na mimi machozi yalinilenga. Akakata pande kubwa, akalitia mdomoni lote, akatafuna.

Sauti ile ya meno na mchanga wa Mkondoa mimi sitaisahau. Alitafuna mara moja. Mara ya pili hakumaliza. Mashavu yakabaki yamejaa, macho yakamtoka, na baraza zima tumeshikilia tende zetu mkononi. Na hapo nikaona kilichompata. Kutema hawezi, kwani akitema mchanga utakuwa pale mkekani kila mtu auone, na yeye atakuwa amemzulia mtu barazani kwake, mwezi mtukufu. Kumeza hawezi, hata koo la mamba lisingekubali. Akabaki hapo katikati, amefunga midomo.

Ustadhi akamuuliza kwa upole kama ni mkate. Hakujibu. Akamuuliza tena. Mzee alikuwa anaangalia bakuli la uji tu.

Sasa adabu yangu ya mwezi mzima ikaniishia. Nikasimama.

"Ustadhi," nikasema, "kwenye posa, mtu akiulizwa akanyamaza, nyinyi mnahesabu vipi?"

Ustadhi Kibwana alifikiri, maana hajibu jambo la dini ovyo. Akasema aliyenyamaza huhesabiwa ameridhia.

"Vizuri. Mzee Mwinshehe, mimi leo nimekula mchana?"

Kimya. Nikamuuliza kama sina kosa. Kimya. Nikamuuliza, mbele ya jamaa wote wale na Bibiana na Brayan waliokuwa wamebaki kuona mwisho, kama ananioza binti yake Mwanahawa.

Nilimwona akipima. Kukataa kulikuwa kwepesi, ateme tu aseme hapana. Lakini akitema, nimeshinda kesi, na atakuwa ananinyima binti mbele ya watu wakati mchanga wa ushahidi uko mbele yake umelowa mate. Jasho lilimtiririka mpaka ndevuni. Nilimhurumia, nasema kweli, kwa mara ya kwanza tangu adhuhuri. Yeye akafunga midomo zaidi, akafumba na macho, na chozi moja likamtoka.

"Karidhia," akasema Ustadhi.

Watu wakaanza kunipa mikono. Brayan alinipiga begani. Mimi nikawa nacheka mwenyewe, mpaka Ustadhi akainua kidole, yule mtu wa utaratibu, akasema baba amejibu lakini mwenye nafsi hajaulizwa, na bila yeye hakuna posa wala ndoa.

Kicheko kikaniganda. Ni kweli, tangu adhuhuri tulikuwa tumegombania mkate, pampu, heshima ya mzee na heshima yangu, na mwenyewe amesimama pale na upawa wa uji mkononi, hakuna aliyemuuliza kitu. Mimi mwenyewe sikumuuliza. Nilimwomba kwa baba yake kama mtu anayeomba kuazimwa tanuri. Nikaona aibu, na nikaona pia kwamba ana haki ya kusema lolote, na kwamba akisema hapana nitaondoka na trei yangu bila neno.

"Mwanahawa," Ustadhi akamuuliza, "unamridhia Kondo?"

Aliweka upawa chini. Akajifuta mkono kwenye kanga. Akamtazama baba yake aliyejaa mchanga mashavuni, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu, bila haraka. Akachutama kando ya trei, akapekua vipande vya kiini kimoja baada ya kingine, akachagua kimoja cha kumtosha, akakitia mdomoni na kufunga midomo.